Nguo za akiba zikikosekana deikea, msikimbilie kutuita wezi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu mzazi aliyeandika majuzi kuhusu nguo za mwanae kupotea kwa mlezi, akamalizia kwa kusema sisi tunaolea watoto majumbani ni wezi wa mchana na serikali itufungie. Basi mi ni mmoja wa hao wezi wa mchana. Nalea watoto nyumbani kwangu huku Tandika, mama zao wengi wanauza Kariakoo, wengine ni mama lishe, wapo wa saluni na wapo wanaofanya viwandani kule Barabara ya Nyerere, na haya mambo ya nguo za akiba nayajua kuliko yeye maana yeye ana begi moja tu la kufuatilia, mi yananing'inia misumarini ukuta mzima.

Nguo zinapotea, hilo sibishi. Ila angekaa kwangu kuanzia asubuhi mpaka jioni angeona zinavyopotea. Seti za Kichina za watoto zinashushwa Kariakoo kwa mabeli, rangi moja, kibonzo kimoja kifuani, alafu mtaa mzima unanunua zilezile kwa sababu ndo zipo na bei yake inafikika, sasa unakuta watoto wanne wana bukta ya bluu yenye gari na zote zimeanikwa kamba moja, jioni giza linaingia, umeme hakuna, anakuja dada mtu wa miaka tisa kumchukua mdogo wake, unamfungashia haraka kwa sababu nae ana njia ya kwenda na boda boda ni nyingi. Hapo nani kaiba? Na nyingine wala hazipo kwangu, zimerudi nyumbani kuchafuka, mama kazifua Jumapili, zikabaki kwenye kamba au kwenye beseni la nguo za kupiga pasi, Jumatatu begi limekuja tupu, Jumatano mtoto kachafuka ndo anakumbukwa mlezi. Nimeshaona mama kagomba getini mpaka majirani wakatoka, jioni nguo kaikuta chini ya mto kitandani kwake. Hakurudi kuniambia, nilisikia kwa mwanae mkubwa.

Ila mzazi yule kaandika nusu ya habari. Hizo za kupotea ni chache bana. Zinazotutoa jasho ni zile ambazo hazijaletwa kabisa.

Begi linakuja na pampasi moja na mkate nusu, basi. Ukifungua zaidi utakuta kisoksi kimoja. Au nguo ipo ila ni ya alipokuwa na miezi tisa, sasa hivi ana mwaka na nusu na tumbo lake, kichwa hakipiti, ukilazimisha analia na mshono unaachia. Hii ya nguo kumbana mtoto ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mama anaweka nguo ya akiba siku ya kwanza anapomleta, anaridhika kwamba ipo, na kwa kuwa ni ya akiba haivaliwi, inakaa tu chini ya begi miezi na miezi huku mtoto anakua. Ndo maana kila tarehe moja mi nafungua mabegi yote, nampimisha mtoto juu ya nguo aliyovaa, isiyomtosha inarudi nyumbani siku hiyohiyo na mama anaambiwa mdomoni, sio kwenye grup.

Kuhusu grup nalo. Tuna grup la WhatsApp la wazazi, nikaanzisha kuposti picha za nguo zisizo na mwenyewe. Ikawa kesi. Mmoja anasema hiyo ya mwanangu, mwingine anasema ya kwako ilikuwa na doa, wa tatu anauliza kwanini nguo ya mwanangu inapigwa picha ikiwa chafu, na wale wenye kitochi wao hawaoni chochote, kwaiyo wanaogombana ni wenye smatifoni na nguo yenyewe ni ya mtoto wa mwenye kitochi. Nikaacha. Sasa hivi zinaning'inizwa kwenye kamba pale mlangoni, kila anaeingia anaziona.

Watu wengine wakisikia mama kaja bila nguo wanasema mzembe. Mi siwezi kusema hivo. Kuna watoto wana nguo tatu duniani, moja kavaa, moja imeanikwa na moja ya kutokea. Ikifika masika, Machi mpaka Mei, hiyo iliyoanikwa haikauki siku mbili, ya kutokea mama hataki ichafuke, hapo ya akiba itoke wapi? Alafu mama wa sokoni anaamka saa kumi, saa kumi na moja yuko kituoni anagombania daladala na mtoto mgongoni, giza, kibatari au tochi ya simu, anapapasa anachokipata. Walioajiriwa angalau sheria ya ajira ya 2004 inawapa siku 84 za uzazi, mapacha 100, wanarudi kazini wakiwa wamejipanga kidogo. Muuza nyanya hana wa kumpa likizo, mtoto analetwa kwangu hajakaza shingo, na mtoto mchanga wa hivo anaweza kuchafua mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Na pampasi sio jibu. Wengi wananunua mojamoja dukani kwa sababu paketi nzima ni hela ya chakula cha siku mbili, kwaiyo hiyo moja inatakiwa ikae mpaka jioni, haikai, inavuja, na ikivuja hata nguo iliyovaliwa juu yake imekwenda. Ukija kwa hawa wa miaka miwili wanaofundishwa poti ndo usiseme. Mtoto anaanza kusema kojo wakati kojo limeshafika kwenye magoti. Huyo anahitaji chupi na bukta tatu kwa siku na zaidi, na ndo umri ambao mama anasema sasa kakua, hana haja ya begi!

Lipo lingine ambalo wazazi hawalisemi mbele yangu ila najua. Wapo wanaoogopa kuacha nguo ya mtoto kwa watu. Nguo iliyovaliwa, yenye jasho la mtoto, inaachwaje ugenini, itachezewa kichawi. Sicheki mtu kwa hilo, mi mwenyewe nimelelewa na bibi ambae kitovu cha mjukuu alikificha hata mama mzazi hajui kilipo. Kwaiyo nguo moja ikipotea kwa mama wa namna hiyo sio hasara ya shilingi elfu, ni usingizi umekata, na ndo maana anakuja anatetemeka, na mlezi ambae hajui anadhani anagombezwa kwa ajili ya kibukta cha jero. Kwa hao nawaambia wazi, leta nguo mpya ambayo hajawahi kuivaa, ikivaliwa leo inarudi nayo leoleo. Wanakubali na amani inakuwepo.

Sasa nieleze nafanyaje siku mtoto amechafuka na begi halina kitu, maana nadhani hapa ndo wenzangu wengi tunapishana.

Wapo walezi wanaompigia mama simu arudi alete nguo. Jamani, mama yuko Kariakoo na genge lake, akiliacha wanamwibia au mgambo anapita, nauli kwenda na kurudi, alafu anakuta mtoto kalala. Wapo wanaomwacha mtoto na nguo mbichi mpaka ikaukie mwilini, hapo kipupwe cha Juni unatafuta kifua, na mapaja yanachubuka. Na wapo wanaomwacha uchi acheze, eti mtoto huyu ana aibu gani. Hili la mwisho ndo linalonikasirisha kabisa. Mtoto wa miaka mitatu anaona aibu, muangalie anavyojificha nyuma ya mlango. Na nyumba zetu ni za kupanga, wapangaji wanapita, fundi anakuja, kijana wa maji anaingia na madumu, watoto wa watu hawawezi kukaa uchi uani. Kama hakuna kabisa, chukua khanga, mfunge shingoni kama tulivyofungwa sisi, fua ile nguo, anika, maisha yaende.

Alafu kuna faini. Deikea moja sio mbali na kwangu inatoza mia tano kila siku begi likija bila nguo. Mi kwa siku natoza buku jero na chakula ndani, ukiongeza mia tano kila siku umepandisha theluthi nzima kwa mtu yuleyule ambae hana nguo kwa sababu hana hela. Unajua anafanya nini? Siku ambayo hana nguo hamleti. Anamfungia ndani na dada yake ambae alitakiwa awe shule. Kwaiyo umepata faini ya nani?

Njia ambayo imeniokoa ni kuwa na nguo za kituo. Sio za fulani, sio zilizosahauliwa, za kituo. Nilikwenda pale Karume, sokoni kwa mitumba, siku ya kufungua mabeli, zile za kumwaga kwenye turubai, ukiinama na kuchambua mwenyewe asubuhi unapata bukta na tisheti za watoto mia tano mia tano, kwa elfu kumi unatoka na mzigo wa pisi ishirini na shingo inauma. Chagua za kuvutika kiunoni, lastiki, usichukue zipu wala vifungo maana unamvisha mtoto anaepiga mateke. Chukua kubwa kidogo kuliko ndogo, kubwa inakunjwa ila ndogo haivutiki. Na chukua rangi ambazo hazina ugomvi. Hili nalisema kwa sababu kuna baba alikuja akamkuta mwanae wa kiume na taiti ya pinki yenye vipepeo, ndo iliyokuwa inamtosha siku hiyo, mtoto mwenyewe anafuraha anaonyesha vipepeo, baba akawa mbogo, anauliza mnamfundisha nini mwanangu. Mtoto alikuwa msafi na mkavu lakini hilo halikuonekana. Kwaiyo kijani, njano, kijivu, yaishe.

Na sheria ya nguo za kituo kwangu ni moja, ukirudi nayo nyumbani kesho irudi imefuliwa, isiporudi leta nyingine yoyote inayovalika, sio lazima ileile. Hapo kwenye "sio lazima ileile" ndo kuna siri yote. Mwanzo wa kuanza huu utaratibu walezi wenzangu walinicheka, wakasema zitaisha ndani ya wiki mbili. Hazijaisha. Zimebadilika, zile za Karume nyingi sijui ziko wapi na sitafuti, ila kapu limejaa kwa sababu mama ambae kapoteza bukta ya kijani analeta tisheti iliyombana mwanae mkubwa, mwingine analeta mbili kwa sababu anajua wiki ijayo zamu yake, na hakuna anaesimamishwa mlangoni kuulizwa iko wapi. Ukianza kudai ileile unarudi kwenye kesi, na mama ambae hana ya kurudisha anaanza kukukwepa, anamtuma mtoto aingie mwenyewe getini.

Za watoto wenyewe ndo zinahitaji alama. Maka peni haifai, jua la Dar na sabuni ya unga inafutika mwezi haujaisha, na wazazi wengine hawataki jina liandikwe kwa sababu nguo ikimbana mtoto wanaiuza au wanampa mtoto wa shemeji. Pini ndo kabisa usithubutu, mtoto ataimeza. Mi nakata kipande cha kitenge kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kila mtoto na kitenge chake, nakishona ndani ya shingo au kiunoni kwa mishono miwili mitatu, siku nguo ikiuzwa unakitoa kwa wembe na haijulikani. Kipande kingine kama hicho nashona kwenye begi. Hata yule dada wa miaka tisa ambae hajui kusoma vizuri anaangalia kitenge na kitenge anaondoka. Mafundi cherehani wanatupa vipande hivyo kila siku, ni kuomba tu.

Usafi nao usiachwe, maana hofu ya wazazi kuhusu nguo za kuazima ina ukweli ndani yake. Upele unaambukiza kwa kugusana ngozi na ngozi na pia kwa kuvaliana nguo na kulaliana mashuka, na yule mdudu wake anaweza kukaa kwenye nguo siku mbili mpaka tatu bila mtu. Mashilingi, yale mabaka ya fangasi kwenye ngozi, nayo yanahama. Kwaiyo nguo ya kituo haivuliwi kwa huyu ikavishwa yule hata kama "kaivaa dakika tano tu". Inafuliwa kwa maji ya moto, inakauka juani, inapigwa pasi. Mtoto akionekana ana upele nguo alizovaa nazifunga kwenye ndoo yenye mfuniko wiki nzima kabla ya kufua, siku tatu zinatosha ila mi na wiki ndo nalala vizuri, na nyumbani kwao naagiza watibiwe wote sio mtoto peke yake, la sivyo anarudi nao. Pasi usiidharau, hasa mvua zikinyesha na nguo zikalala kamba au zikaanikwa kwenye majani, kuna inzi anataga mayai kwenye nguo yenye unyevu, yakianguliwa vifunza vinaingia kwenye ngozi, mtoto anatoa jipu lenye funza ndani. Pasi ya mkaa ikipita mpaka kwenye mishono mayai yanakufa.

Nguo yenye kinyesi unakimwaga chooni kwanza, inasuuzwa kwa maji yake, inalowekwa peke yake. Hapa nina manung'uniko na maji, wiki ya mgao kufua kwa mtindo huu ni kununua madumu, na hiyo gharama hakuna mzazi anaeiona. Zamani ungefunga kwenye rambo ukamrudishia mama akafue kwake. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe tarehe 1 Juni 2019 tukapewa hii mifuko mbadala, mizuri kwa kubebea nyanya, ila nguo iliyoloa mkojo inachuruzika, na mama yuko kwenye daladala kabanana na watu. Siombi rambo irudi, mitaro yetu tunaijua ilivyokuwa. Tumieni ndoo ndogo za rangi zile za lita nne zenye mfuniko, mafundi rangi wanazitupa, ukiisugua ikatakata mama anabeba hata kwenye ndege.

Kuhusu kufungiwa. Yule mzazi anataka serikali itufungie, haya, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na kituo kinatakiwa kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii, hilo sipingi, mwenye kulea watoto wa watu aonekane na akaguliwe. Lakini ukifunga tu, wale watoto saa kumi na mbili asubuhi unawapeleka wapi? Desemba 2021 serikali ilizindua ile programu ndefu jina, PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka sifuri mpaka minane, ina mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nimeyakariri. Bukta kavu utaiweka wapi kati ya hayo? Mi naona inaingia kwenye yote isipokuwa lishe. Ningependa siku afisa ustawi akipita kukagua mtaani, pamoja na kuuliza choo na idadi ya watoto na jiko liko wapi, aombe aone nguo za akiba. Akikuta kapu hakuna, asifunge, ampe mlezi mwezi mmoja aanzishe, elfu kumi sio hela ya kumshinda mtu anaelea watoto kumi.

Na mzazi mwenzangu ulieandika, mwanao kama bado yuko kwa mlezi yuleyule nenda jioni moja mapema kidogo, usiende na hasira, muombe akuonyeshe kamba na mabegi, mshonee kitenge nguo zake, na zile zilizombana ambazo zimejaa kwenye kabati usizichome wala usingoje mtoto mwingine, mpelekee huyo mlezi. Wasomaji wengine pia, kila mtaa una mama anaelea watoto, ulizeni duka la karibu watawaonyesha mlango. Zinazokosekana zaidi ni bukta na suruali za miaka miwili hadi minne, nguo za vichanga tunazo mpaka za kugawa, na tafadhali sana msituletee magauni ya harusi.

Mlezi wa watoto,
Tandika, Dar es Salaam